Uveitisi ya spondilitisi
Uveitisi ni uvimbe wa tabaka la kati la jicho. Huwapata takriban robo ya wagonjwa wa spondilitisi ankilosi, baridi yabisi ya uti wa mgongo. Huzuka ghafla, kwa kawaida katika jicho moja: jicho huwa jekundu, huuma, halistahimili mwanga na uoni hufifia. Kulidhania ni macho mekundu ya kawaida ni kosa la hatari. Pasipo matone ya steroidi na ya kutanua mboni, ukingo wa mboni unaweza kugandana na lenzi, shinikizo la jicho likapanda na uoni ukapotea. Wagonjwa wengi hubeba jeni HLA-B27, iliyohusishwa na spondilitisi mwaka 1973 na ambayo ni adimu kusini mwa Sahara. Soriasisi, uvimbe wa utumbo na udhaifu wa mifupa huambatana na spondilitisi pia.