Richter, Jedwali Lake, na Tani 70 za Magadi

Leo tuache programu kidogo tuingie kemia, ingawa utaona hatujaenda mbali na nyumbani.

Mwaka wa 1789 Lavoisier wa Ufaransa alieleza kitabuni kwamba uzito haupotei katika mmenyuko wa kemikali. Mwaka wa 1792 Mjerumani Jeremias Benjamin Richter akaanza kuchapisha kitabu chake kuhusu fani aliyoiita stoikiometria, yaani upimaji wa elementi. Swali lake lilikuwa la mtu wa hesabu: kama uzito haupotei, mbona nisijue nitapata kiasi gani kabla sijawasha moto?

Alipima jinsi asidi na besi zinavyomalizana nguvu, akakuta uwiano haubadiliki. Mwaka wa 1802 Ernst Gottfried Fischer akazipanga namba hizo katika jedwali moja. Asidi ya salfa ya uzito wa 1000 inamalizwa na soda ya 859, ama potasi ya 1605. Soda hiyo hiyo, au potasi hiyo hiyo, inamalizwa pia na 712 za asidi ya haidrokloriki. Safu mbili fupi, majibu chungu nzima! Aliyewahi kupanga hifadhidata ataonja utamu wake.

Shida ni kwamba Richter alipenda ruwaza kupita kiasi. Alishikilia kuwa namba za besi hupanda kwa kujumlisha na za asidi kwa kuzidisha, akazilazimisha zitoshee. (Ile 859 ya soda, kwa hesabu ya leo, ni 775 hivi.) Wakemia wengi hawakumjali. Alifariki 1807, na mwaka uliofuata Dalton akatoa kitabu chake cha atomu, kilichoonyesha kwa nini uwiano hautikisiki: atomu huhesabika, na kila aina ina uzito wake.

Sasa tujaribu na magadi yetu, ndugu ya yale ya kulainisha maharagwe. Ziwa Magadi lina kampuni ya kuyachimba tangu 1911. Kinachochimbwa ni trona. Ikichomwa, molekuli mbili za trona hutoa tatu za sodiamu kaboneti, moja ya kaboni dayoksaidi na tano za maji. Kwa uzito, 452 inagawanyika kuwa 318, 44 na 90. Jumlisha uone.

Basi tani 100 za trona safi, mara 318, gawa kwa 452: tani 70 na kidogo. Karibu tani 30 zimepaa, 20 kati yake zikiwa mvuke mtupu. Tanuri likikupa tani 75 usishangilie, ndani yake bado kuna trona haijaiva.