Asili ya Antena ya Rada ya Gari

Neno antena lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni foromali ya chombo, yaani mti utundikwao tanga. Leo jina hilo hilo hupewa kibamba cha shaba chenye upana wa milimita moja hivi, kifichwacho nyuma ya bampa la gari ili kutambua kilichoko njiani gizani na katika ukungu. Huenda ikadhaniwa kwamba chombo hiki ni kizao cha juzi. Historia yaonyesha kwamba misingi yake mikuu ilikwisha kujulikana zamani, ila ilikaa mbalimbali kwa karibu karne nzima.

Msingi wa kwanza ni mwelekeo wa mtikisiko. Katika mwaka wa 1888, huko Karlsruhe, Heinrich Hertz alionyesha kwamba mawimbi ya umeme hurudishwa na bati na kupindwa na mche wa lami, kama mwanga. Kisha akayakinga kwa fremu ya nyaya sambamba. Nyaya zilipofuata mtikisiko, wimbi lilizuiwa, zilipoukingama, lilipita. Ikadhihirika kwamba umbo la kitu huliathiri wimbi kwa kadiri ya mwelekeo wake.

Msingi wa pili ni lenzi. Tangu mwaka wa 1895 Jagadish Chandra Bose, wa Calcutta, alitumia mawimbi mafupi hata ya milimita 5, akiyakusanya kwa lenzi; na mwaka wa 1898 aliugeuza mwelekeo wake kwa juti iliyosokotwa.

Msingi wa tatu ni kusudi. Mwaka wa 1904, huko Köln, Christian Hülsmeyer alionyesha kifaa cha kugundua meli katika mto Rhine ili zisigongane. Hakikupima umbali, wala hakikupata wanunuzi.

Kilichopungua hakikuwa wazo, bali udogo wa chombo. Ili wimbi liwe mwali mwembamba, antena huhitaji upana uzidio urefu wa wimbi mara nyingi. Hertz, kwa wimbi la sentimita 66, alihitaji kioo cha bati chenye urefu wa mita 2. Wimbi la gigahezi 77, lisilotimia milimita 4, latosheka na lenzi ya upana wa kiganja. Mwaka wa 1953 Georges Deschamps alitoa wazo la antena bapa, na katika miaka ya 1970 vibamba vikaanza kutumika. Rada ya Bosch ya mwaka wa 2000 iliweka vibamba vichache nyuma ya lenzi ya plastiki.

Hata hivyo, rada hizo zilitumia mwelekeo mmoja tu. Somo la Hertz lilikuwa bado kutumiwa kikamilifu. Kibamba cha mraba kikipewa umeme katika pande mbili zikutanazo, hutoa mitikisiko miwili iliyokingamana, na lenzi ya duara huikusanya yote sawasawa. Bamba bapa la chuma huurudisha mtikisiko kama ulivyokuja. Pembe ya mabamba mawili, ikiinama nyuzi 45, huugeuza wa wima kuwa wa mlalo. Ugumu ni kwamba njia mbili za umeme, zikikaribiana mno, huvujiana, na mvujo huo hufanana na mwangwi wa kweli.

Jambo hili si la anasa. Rada isiyotambua umbo yaweza kufunga breki kwa ajili ya kifuniko cha chuma barabarani, na ikachelewa mbele ya mtu.