Mwanamke katika Mstari wa Mbele wa Vita

Vita ni msiba, na mtu mwenye akili hautamani. Lakini taifa lisiloweza kujilinda huwa mawindo ya mataifa mengine. Kwa hiyo tangu zamani nchi zimelea majeshi, na kila jeshi limejiuliza ni nani astahiliye kubeba silaha. Kwa karne nyingi jibu la swali hilo, katika sehemu kubwa ya dunia, lilikuwa neno moja: mwanamume. Mwanamke aliachiwa kazi ya kupika, kuuguza majeruhi, kubeba mizigo na kuwalilia waliokufa. Katika zama zetu jibu hilo limeanza kubadilika, na ubishi umekuwa mkubwa. Wako wasemao kwamba mwanamke aruhusiwe kupigana bega kwa bega na mwanamume katika mstari wa mbele, yaani mahali ambapo askari hukutana na adui ana kwa ana. Wako na wasemao kwamba jambo hilo ni kinyume cha maumbile, na ni hatari kwa jeshi lenyewe.

Msomaji, ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa sauti kubwa. Huamuliwa kwa ushahidi, na shahidi mkubwa wa mambo ya binadamu ni historia. Basi na tumwite shahidi huyo, tumsikilize kwa makini, kisha tuhukumu.

Ushahidi wa kwanza unatoka katika bara letu wenyewe. Katika karne ya 19 palikuwa na ufalme wa Dahomey, katika nchi ya Afrika ya Magharibi ambayo leo huitwa Benin. Makao ya wafalme wake yalikuwa mji wa Abomey. Mfalme Ghezo, aliyetawala toka mwaka 1818 mpaka 1858, aliliongeza na kuliimarisha jeshi la wanawake hata likawa na maelfu ya askari. Waliitwa Agojie, wageni kutoka Ulaya waliwaita Amazoni, wakiwafananisha na wanawake wapiganaji wa hadithi za Wayunani wa kale. Hawakuwa pambo la jumba la mfalme. Walifundishwa kuparamia maboma ya miiba bila ya kulia, walibeba bunduki na majambia, na vita vilipowaka walisimama mahali pa hatari. Mwaka 1851 walikuwa miongoni mwa jeshi lililoushambulia mji wa Abeokuta, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Jeshi lilishindwa, na wengi wao walikufa. Mwaka 1890, na tena mwaka 1892, walipigana na jeshi la Ufaransa lenye silaha bora kuliko zao. Maofisa wa Kifaransa waliokabiliana nao waliandika habari za ushujaa wao, na sifa itokayo kinywani mwa adui haina upendeleo.

Walakini historia haifai kupakwa rangi. Ufalme wa Dahomey ulitajirika kwa kuteka watu na kuwauza utumwani, na wanawake hao walishiriki katika mashambulio yaliyowaleta mateka. Msomaji asidhani kwamba ushujaa na wema ni kitu kimoja. Mwanamke aweza kuwa askari hodari katika jambo ovu, kama vile mwanamume awezavyo. Neno linalothibitika hapa ni moja tu: uwezo wa kupigana haukugawiwa jinsia moja, nyingine ikanyimwa.

Yamkini mtu atasema kwamba hayo yalikuwa mambo ya kale, na kwamba vita vya siku hizi, vya vifaru, mabomu na ndege, vina sheria nyingine. Basi tutoke Afrika twende Urusi, katika Vita Vikuu vya Pili. Mwezi wa Juni mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuvamia Muungano wa Kisovieti, yakasonga mbele kwa kasi ya kutisha. Wanaume walikufa kwa mamia ya maelfu. Ndipo taifa lile lilipogeuka na kuwatazama binti zake. Wanawake wapatao 800,000 walitumikia katika majeshi ya Kisovieti wakati wa vita hivyo. Wengi walikuwa wauguzi na wapeleka habari, lakini maelfu walishika bunduki, waliongoza vifaru na kurusha ndege.

Marina Raskova, mwanamke aliyekuwa na sifa kubwa katika mambo ya urubani, aliunda vikosi vitatu vya ndege vya wanawake. Kimoja kilikuwa kikosi cha 588 cha kutupa mabomu usiku. Wasichana wa kikosi hicho, wengi wao wakiwa na umri unaokaribia wa wanafunzi watakaosoma insha hii, walipewa ndege za Po-2, zilizotengenezwa kwa mbao na vitambaa kwa ajili ya kufundishia. Ndege hizo zilikwenda polepole, na risasi yenye moto iliweza kuziteketeza mara moja. Walipokaribia shabaha walipunguza nguvu za injini, wakateleza hewani kimya kimya, wakaachia mabomu. Wajerumani waliwaita Wachawi wa Usiku. Mpaka vita vilipokwisha kikosi hicho kilikuwa kimeruka kwenda vitani zaidi ya mara 23,000. Na katika nchi kavu alikuwako Lyudmila Pavlichenko, mlenga shabaha aliyehesabiwa kuwaua maadui 309.

Sasa tazama yaliyofuata, maana ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi. Vita vilikwisha mwezi wa Mei mwaka 1945. Kabla ya mwaka huo kumalizika, kikosi cha Wachawi wa Usiku kilivunjwa. Wanawake wengi waliokuwa wamepigana walirudishwa nyumbani, na huko baadhi yao hawakupokewa kwa shangwe bali kwa minong'ono. Watu waliuliza mwanamke alikuwa akifanya nini kambini katikati ya wanaume. Wako walioficha nishani zao ili waweze kupata waume. Ilipita miaka 40 toka mwisho wa vita hata mwandishi Svetlana Alexievich alipotoa kitabu, mwaka 1985, chenye maneno ya wanawake hao wenyewe. Waliosimama imara mbele ya risasi walifanywa waone haya mbele ya majirani.

Wala jambo hilo halikutokea ng'ambo tu. Hapa Kenya, Hali ya Hatari ilitangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952, na wapiganaji wa Mau Mau wakaingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Wanawake waliobaki vijijini walikuwa mishipa ya damu ya vita vile: walipitisha chakula, risasi na habari, na walioshikwa waliteswa na kufungwa. Wengine waliingia msituni wenyewe. Mashuhuri kati yao ni Muthoni wa Kirima, aliyeanza kwa kuwapelelezea wapiganaji, kisha akawa mpiganaji, na mwishowe akafikia cheo cha fildi mashali. Hakutoka msituni mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Nywele alizotoka nazo msituni hakuzikata mpaka mwezi wa Aprili mwaka 2022, alipokuwa amekwisha kuwa bibi kizee. Naye alifariki mwezi wa Septemba mwaka 2023. Fikiri, msomaji, ni miaka mingapi jina lake lilikaa pembeni huku majina ya wenzake wanaume yakisomwa darasani.

Tukienda kaskazini tunakuta habari iyo hiyo. Katika vita vya ukombozi vya Eritrea, vilivyokwisha mwaka 1991, wanawake walikuwa karibu theluthi ya wapiganaji wa chama kilichoshinda. Walilala katika mahandaki yale yale na kupigana katika milima ile ile. Amani ilipokuja, wengi wao waliachishwa jeshi wakarudi katika jamii iliyotaka wawe kama walivyokuwa zamani, kana kwamba miaka ile ya mapigano ilikuwa ndoto.

Kwa hiyo historia yatuonyesha desturi moja iliyorudiwa mara nyingi. Taifa likiwa katika raha, husema kwamba mwanamke hawezi vita. Taifa likizama katika dhiki, humwita, naye huweza. Taifa likiokoka, husahau kwamba alikuwapo. Wahenga wetu walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Rafiki huyo akilipwa kwa kusahauliwa, hapo ile methali nyingine hutimia: fadhila ya punda ni mateke.

Lakini haki yataka tuwasikilize na wale wanaokataa, maana hoja zao si za kudharauliwa. Kwanza wanataja nguvu za mwili. Askari wa miguu hubeba mzigo mzito kwa safari ndefu, na pengine humbeba mwenzake aliyejeruhiwa. Mwaka 2015 jeshi la Marine la Marekani lilitangaza matokeo ya majaribio yake: katika kazi 134 zilizopimwa, makundi ya wanaume watupu yaliyashinda makundi ya mchanganyiko katika kazi 93. Pili wanasema kwamba mwanamke akitekwa hukabiliwa na unyama wa namna ya pekee. Tatu wanasema kwamba mwanamke ni chemchemi ya uzazi, na taifa likimpoteza limepoteza kizazi kijacho.

Tuzipime hoja hizo moja moja. Juu ya nguvu, ni kweli kwamba kwa wastani mwanamume ana misuli zaidi. Lakini bunduki haibebwi na wastani. Hubebwa na mtu. Mwaka ule ule wa 2015, mwezi wa Agosti, maofisa wawili wanawake, Kristen Griest na Shaye Haver, walifaulu mafunzo ya Ranger ya jeshi la Marekani, ambayo huwashinda wanaume wengi. Wastani haukuwazuia. Na wako wanaume chungu nzima ambao wasingefaulu, wala hakuna anayesema kwamba kwa sababu yao wanaume wote wakatazwe.

Juu ya kutekwa, hoja hiyo ina uchungu wa kweli. Hata hivyo, vita havina macho. Wanawake wasiobeba silaha yoyote wametendewa unyama huo majumbani mwao katika vita vingi, na kutokuwa na bunduki hakukuwa kinga yao. Juu ya uzazi, hakuna asemaye kwamba wanawake wote wa nchi wapelekwe vitani. Swali ni la wale wachache wanaotaka na wanaoweza. Mabomu yanayoangukia miji hayachagui mama na mwana. Basi kumwambia mama kwamba anaweza kuuawa vitani, lakini hana ruhusa ya kupigana, ni kumpa hatari ya vita bila ya ulinzi wake.

Mataifa kadha wa kadha yamekwisha kuamua. Marekani iliondoa katazo lake mwaka 2013, na mwishoni mwa mwaka 2015 ikatangaza kwamba kazi zote za jeshi zitakuwa wazi kwa wanawake. Uingereza ilifanya vivyo hivyo mwaka 2018. Norway ilikwenda mbali zaidi: toka mwaka 2015 sheria yake ya kuitwa jeshini inawahusu wasichana sawasawa na wavulana. Hapa Kenya, askari wanawake waliwekwa kwanza katika kikosi chao cha pekee, ambacho baadaye kilivunjwa nao wakachanganywa na wenzao. Fatuma Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, alikuwa brigedia mwaka 2015, akawa meja jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akateuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amefikia daraja hizo kabla yake. Cheo si mstari wa mbele, lakini mlango uliofunguliwa juu haufungiki kwa urahisi chini.

Basi ni hukumu gani ifaayo? Kwa maoni yangu kipimo na kiwe kimoja, nacho kitokane na kazi, si na jinsia. Kazi ikidai mtu abebe kilo kadha kwa maili kadha, abebe, awe mwanamume au mwanamke. Kipimo kisishushwe ili mwanamke apite, maana risasi ya adui haitashuka kwa ajili yake. Wala kisipandishwe kusudi ashindwe, maana hiyo ni hila, na hila katika jeshi ni uhaini mdogo. Atakayefaulu apewe nafasi, na atakayeshindwa apewe kazi nyingine bila ya dharau. Na uamuzi huo ufanywe wakati wa amani, kwa akili tulivu, usingoje siku ya hofu. Maana mtu aitwaye kwa hofu hufukuzwa hofu ikipita.

Nawe, mwanafunzi usomaye haya, huenda usishike bunduki maisha yako yote, na ni heri iwe hivyo. Lakini utakuwa mpiga kura, mwalimu, hakimu au mzazi, nawe utaulizwa nani anaweza nini. Siku hiyo usijibu kwa mazoea. Pima mtu kwa kazi yake, na aliyekufaa siku ya dhiki, mwandike jina lake siku ya amani.