Pumziko Nalo ni Sehemu ya Mazoezi

Sisi wa rika langu tulilelewa katika imani kwamba pumzi ya mwanamichezo hujengwa kwa kukimbia mfululizo. Asubuhi shuleni kulikuwa na mchakamchaka, na jioni timu ya mpira ilizunguka uwanja mara kumi au ishirini kabla mpira haujaguswa. Aliyesimama alihesabiwa mvivu. Sina nia ya kuudharau mchakamchaka, kwani ulituamsha na kutuzoeza kwenda pamoja. Hata hivyo, ukiisoma historia ya mazoezi ya wanamichezo utaona kwamba kwa karibu miaka mia moja sasa kumekuwapo fikra nyingine: kwamba kupumzika, kama kumepimwa vizuri, nako ni sehemu ya kukimbia.

Fikra hiyo ndiyo msingi wa yale yanayoitwa mazoezi ya vipindi. Mchezaji hukimbia kwa nguvu nyingi kwa muda mfupi, hupumzika au hutembea kwa muda uliowekwa, kisha hurudia. Mwalimu hapati taabu kuielewa, kwani ratiba ya shule nayo imejengwa hivyo hivyo. Hakuna mwanafunzi anayeweza kukazia akili hesabu kuanzia asubuhi hadi jioni bila kengele ya mapumziko. Na tukiiondoa kengele hiyo hatuongezi masomo, tunaongeza usingizi darasani.

Wakimbiaji wa Finland na Sweden walikuwa wamekwisha kuchanganya kasi na mwendo wa pole mapema katika karne ya 20. Lakini waliolifanya jambo hili kuwa la kipimo ni Wajerumani wawili, katika miaka ya 1930: Woldemar Gerschler, aliyekuwa kocha wa riadha, na Herbert Reindell, daktari wa moyo. Walimkimbiza mwanariadha masafa mafupi mpaka moyo wake ukapiga kama mara 180 kwa dakika, kisha wakamwacha apumzike huku wakiyahesabu mapigo. Yaliposhuka hadi 120, alikimbia tena. Kama hayakushuka ndani ya sekunde 90, walijua kwamba kazi imezidi uwezo wake. Waliamini kwamba moyo hukua na kupata nguvu hasa katika zile sekunde za pumziko. Wataalamu wa baadaye hawakuyakubali maelezo yao yote, lakini njia yenyewe ilibaki.

Matokeo yake yalionekana tarehe 15 Julai 1939 mjini Milan, wakati Rudolf Harbig, mwanafunzi wa Gerschler, alipokimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Alipunguza rekodi ya dunia kwa sekunde 1.8, pengo kubwa mno katika mbio hizo, na rekodi yake haikuvunjwa mpaka mwaka 1955. Yeye mwenyewe hakuuona mwaka huo. Alikufa vitani mwaka 1944.

Baada ya vita alitokea Emil Zátopek wa Chekoslovakia. Yeye alirudia mita 400 mara ishirini, na baadaye hata mara sitini kwa siku, huku kati ya kila mara akikimbia polepole mita 200. Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika michezo hiyo hiyo ya Olimpiki, jambo ambalo hajalifanya mwingine hadi leo. Roger Bannister wa Uingereza alikuwa mwanafunzi wa udaktari asiye na nafasi, akafanya mazoezi yake saa ya chakula cha mchana: mbio kumi za robo maili, zenye pumziko la dakika mbili kati yake. Tarehe 6 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Tazama basi, ndugu msomaji: mmoja alifanya mengi mno, mwingine machache, na wote wawili waligawanya kazi kwa vipindi.

Mpira wa miguu ulichelewa kuisikia habari hii, na sababu yake ni rahisi. Mkimbiaji hupimwa kwa saa, lakini hakuna aliyejua kwa hakika mchezaji wa mpira hufanya nini uwanjani katika dakika zile tisini. Kwa kuwa dakika tisini ni nyingi, makocha walidhani wanahitaji watu wa mbio ndefu.

Dhana hiyo ilikuwa na waathirika wake. Nakumbuka kijana mmoja katika shule niliyofundisha miaka ya 1980, winga wa kushoto, mfupi, mwepesi kama swala. Katika mechi alikuwa wa kwanza kuufikia mpira, na dakika ya themanini bado mabeki walimkimbiza bila kumpata. Lakini katika mizunguko ya uwanja alikuwa wa mwisho kila siku. Aliyesimamia timu alipima pumzi kwa mizunguko, hivyo akamwondoa kwa sababu hana pumzi. Kijana yule hakurudi tena kwenye mpira. Wenzake walishangaa, kwani walichokiona Jumamosi hakikulingana na kilichoandikwa Jumatatu kwenye ubao wa matangazo.

Jibu la mshangao wao lilikuwa limekwisha kuchapishwa mwaka 1976. Thomas Reilly na Vaughan Thomas waliwafuatilia wachezaji wa timu moja ya ligi ya juu ya Uingereza, wakaandika kila hatua. Waliona kwamba mchezaji alikwenda wastani wa mita 8,680 katika mechi, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya kutembea na kukimbia polepole. Kila baada ya sekunde tano au sita alibadili mwendo: akatembea, akakimbia, akarudi kinyumenyume, akasimama, akachomoka. Mbio za kasi kamili zilimjia kama mara moja kila sekunde 90. Leo wachezaji wa ngazi za juu huenda kilomita 10 hadi 12, lakini umbo la kazi ni lile lile. Mpira wenyewe ni mchezo wa vipindi. Anayemwandaa mchezaji kwa mizunguko ya mwendo mmoja anamwandalia mtihani wa somo jingine.

Katika miaka ya 1990 Jens Bangsbo wa Denmark, ambaye mwenyewe alikuwa amecheza mpira, alitunga kipimo kinachofuata ukweli huo. Mchezaji hukimbia mita 20 kwenda na 20 kurudi, hupumzika sekunde 10, kisha hurudia kwa kasi inayozidi kupanda mpaka ashindwe. Hapo mtu hapimwi kwa kukimbia tu. Hupimwa pia kwa wepesi wa kurudisha pumzi. Naamini winga wetu angefaulu.

Mwaka 2001 Jan Helgerud na wenzake wa Norway walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa vijana 19 wa mpira. Kundi moja, mara mbili kwa wiki kwa wiki 8, lilikimbia vipindi vinne vya dakika nne, moyo ukifikia asilimia 90 hadi 95 ya uwezo wake wa juu, na kati yake dakika tatu za kukimbia polepole. Kundi la pili liliutumia muda huo kwa vichwa, mipira ya adhabu na ufundi mwingine. Kundi la kwanza lilipanda kutoka mililita 58.1 hadi 64.3 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Katika mechi umbali waliokwenda uliongezeka kwa asilimia 20, mbio za kasi zikawa maradufu, na waliucheza mpira mara nyingi zaidi kwa asilimia 24. Nguvu ya shuti na kasi ya mbio fupi hazikubadilika. Kila dawa ina ugonjwa wake. Mwaka uliofuata watafiti wa huko huko walionyesha kwamba mchezaji anaweza kuufikisha moyo kwenye kiwango hicho kwa kukokota mpira kati ya vizuizi, au kwa mechi ndogo ya watu wachache.

Hili la mwisho lanifurahisha kuliko yote, kwani halidai mashine. Shule ya kijijini yenye mpira mmoja, mawe ya kuwekea alama na saa ya mkono inaweza kulifanya. Mapigo huhesabiwa kwa vidole viwili shingoni kwa sekunde 10, kisha huzidishwa kwa 6. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni: mazoezi haya ni makali, hayafai kila siku, hayafai kabla mwili haujapashwa moto, na anayelalamikia kifua au kizunguzungu apelekwe kwa daktari kabla ya kurudi uwanjani.

Gerschler na Reindell walikuwa na utaratibu ambao walimu wengi hatuna, nao ni kumsubiri mwanafunzi. Hawakupuliza filimbi kwa sababu kocha ameridhika au amekasirika. Waliushika mkono wa kijana, wakahesabu, na moyo wake mwenyewe ndio uliosema kama yu tayari. Anayesimamia vijana uwanjani jioni ya leo ashike filimbi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ahesabu mapigo.