Njia ya Maji na Maombi: Kambu hadi Makindu

Kabla ya lami na reli, nchi hii ya Kikumbulyu, eneo la Kambu na Makindu, ilivukwa kwa miguu. Misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mwaka 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf alipita huku akielekea Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe. Wote walifuata maji, kwa kuwa nyika ya Tsavo haimsamehe aliyeishiwa maji njiani.

Maji hayo asili yake ni milima ya Chyulu, ambayo ukiitazama kutoka Kambu ni safu ya kijani iliyojipanga magharibi. Ajabu yake ni kwamba juu kule hakuna mto. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano huinywa yote, ikasafiri chini kwa chini na kuibuka Mzima, Umani karibu na Kibwezi, na Makindu. Kunakobubujika maji msitu hukaza, na binadamu hupumzika. Akishapumzika, huomba.

Wakamba waliomba kwenye ithembo, kichaka kitakatifu chenye mkuyu mkubwa. Mvua ikigoma, wazee waliochaguliwa walipeleka mbuzi, maziwa na pombe, wakamsihi Mulungu. Mti wa ithembo haukatwi. Ndiyo maana katika mashamba yaliyofyekwa unaweza kukuta mkuyu umesimama peke yake, na mwenye shamba analima akiuzunguka.

Mwaka 1891 Waskoti walifungua misheni Kibwezi. Malaria iliwaua kadhaa, na mwaka 1898 waliobaki wakahamia Ukikuyu. Kanisa la Kipresbiteri la PCEA linahesabu mwanzo wake hapo Kibwezi. Kisha ikaja reli kutoka Mombasa, na pamoja nayo mafundi Masingasinga. Mwaka 1926 wakajenga hekalu lao Makindu. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, kisha huketi na kupewa chai, chapati na dengu bila kuulizwa dini wala kudaiwa malipo. Madereva wa malori wanalijua hekalu hilo kuliko hoteli yoyote ya barabara kuu ya Mombasa.

Kwingineko njia za namna hii zimetunzwa. Huko Japani, mji wa Kamakura ulikuwa makao ya watawala wa kijeshi tangu karne ya 12. Njia zake saba za kuingilia zilichongwa katika vilima, na leo watu hutembea msituni kutoka hekalu hadi hekalu, mpaka kwenye Buddha mkubwa wa shaba nyeusi iliyosubuliwa karne ya 13. Vibao vinawaongoza. Sisi tuna vilima, chemchemi, mahekalu na historia ya misafara, lakini anayepita Kambu huona maduka ya kando ya barabara kuu na moshi wa malori tu. Reli mpya ya 2017 nayo hushusha abiria Mtito Andei au Kibwezi.

Mto Kambu unashuka kuelekea Athi, na ng'ambo ya Athi ni Kitui. Kaunti za pande hizi mbili za mto zingeweza kuichora upya njia ya misafara na kuiwekea alama. Kazi ianze na wazee wa mathembo, maana wao ndio wanaojua ni mkuyu upi mgeni anaruhusiwa kuukaribia, na ni upi apite mbali nao.