Wake-Robin na Uwanja wa Langston

Tarehe 22 Aprili 1937, wanawake 13 walikusanyika nyumbani kwa Helen Webb Harris, mwalimu wa mjini Washington, Marekani, wakaanzisha klabu ya gofu. Wengi wao walikuwa wake wa wanachama wa Royal Golf Club, klabu ya wanaume Weusi wa mji huo, ambao siku za mapumziko walichukua fimbo zao na kutokomea uwanjani hadi jioni. Wanawake wakaamua kuwa nao watacheza, tena kwa jina lao wenyewe. Wakachagua Wake-Robin, ua la porini linalochanua mapema baridi inapokwisha. Harris akawa rais wa kwanza. Klabu hiyo ipo hadi leo, na Aprili 2027 inatimiza miaka 90. Miongoni mwa klabu za gofu za wanawake Weusi zilizosajiliwa Marekani, hakuna iliyo kongwe kuliko hii.

Kuunda klabu hakukuwa kugumu. Kazi ilikuwa kupata pa kucheza. Viwanja vya gofu vya umma vya Washington ni mali ya serikali kuu, na wakati huo vilivyo bora, kama East Potomac na Rock Creek, viliachiwa Wazungu. Weusi walikuwa na mashimo tisa jirani na jengo la kumbukumbu ya Rais Lincoln. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aliyesimuliwa na wazee habari za vilabu vya enzi ya mkoloni, ambako Mwafrika alipita getini akiwa kedi, yaani mbeba fimbo, au mpishi, hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo ili aelewe.

Mwaka uliofuata, 1938, klabu ambayo bado ilikuwa changa ilimwandikia Harold Ickes, waziri mwenye dhamana ya ardhi na bustani za serikali kuu. Wanawake hao walitaka viwanja vya umma vifunguliwe kwa raia wote. Naona hapa ndipo ilipo heshima yao kubwa kuliko vikombe vyote vilivyokuja baadaye. Wangeweza kuomba kiwanja kidogo cha pembeni wakashukuru. Waliomba haki nzima, kwa maandishi, wakaweka majina yao.

Walichopata mwanzoni hakikuwa walichoomba. Ickes aliidhinisha uwanja mpya wa Weusi kando ya mto Anacostia, upande wa kaskazini mashariki wa mji, mahali palipokuwa jalala. Ulifunguliwa tarehe 11 Juni 1939 ukiwa na mashimo tisa. Ulipewa jina la John Mercer Langston, mwanasheria aliyeongoza idara ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard ilipoanza, na Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwakilisha Virginia katika Bunge la Marekani. Nyumba za umma zilizojengwa karibu na hapo mwaka 1938, Langston Terrace, zina jina hilo hilo, hivyo mtaa mzima ukawa unamkumbuka mtu mmoja.

Kucheza juu ya jalala la zamani ni adha ambayo mcheza gofu pekee ndiye anayeijua vizuri. Udongo wa kujaziwa hudidimia kwa viraka, maji ya mvua hutuama, nyasi hushika hapa zikafa pale, na mpira uliopigwa vizuri unaweza kuruka pembeni bila sababu inayoonekana. Mto ukiwa jirani, unyevu haukauki upesi. Lakini uwanja ulikuwa wao. Wanachama wa Royal na Wake-Robin waliufanya nyumbani, wakaandaa mashindano, wakakaribisha wageni wa miji mingine. Bondia Joe Louis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu na mpenzi mkubwa wa gofu, alicheza hapo.

Hata hivyo hawakuufuta ule waraka wa kwanza vichwani mwao. Mwezi Juni 1941, wanaume watatu wa Royal walikwenda East Potomac, wakalipa kiingilio, wakacheza huku wakizomewa, polisi wakiwa karibu kuwalinda. Mwaka huo huo Ickes alitamka kwamba viwanja vya serikali mjini Washington ni vya watu wote. Amri haikuondoa matusi siku iliyofuata, na kwa miaka kadhaa Mweusi aliyekwenda kucheza huko alihitaji moyo mgumu. Lakini sheria ilikuwa upande wake. Kuona ukubwa wa jambo hilo, tazama Atlanta: huko kesi ya familia ya Holmes, Weusi waliozuiwa kucheza, ilibidi ifike Mahakama ya Juu ya Marekani, na Weusi wakacheza kwenye uwanja wa manispaa kwa mara ya kwanza Desemba 1955, miaka 14 baada ya Washington.

Mapambano mengine yalihusu mchezo wa kulipwa. Katiba ya PGA ya Marekani, chama cha wanagofu wa kulipwa, ilikuwa na kifungu kilichofunga uanachama kwa Wazungu tu, na Wake-Robin ilikuwa miongoni mwa klabu zilizokipinga mpaka kikafutwa mwaka 1961. Kwa muda wote huo Weusi walikuwa na mashindano yao chini ya United Golfers Association, UGA, na huko ndiko wanawake wa Washington walikoonyesha makali. Ethel Funches wa Wake-Robin alitwaa ubingwa wa taifa wa wanawake wa UGA mara saba kati ya 1959 na 1973. Hesabu miaka hiyo: kombe la kwanza na la mwisho yanapishana kwa miaka 14, na mchezaji ni yule yule. Harris naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Eastern Golf Association, chama kilichokuwa na wanaume wengi.

Langston uliongezwa hadi mashimo 18 mwaka 1955. Baadaye ukapita vipindi vya kuchakaa. Mwaka 1978 Lee Elder, Mweusi wa kwanza kucheza mashindano ya Masters, mwaka 1975, alichukua uendeshaji wake pamoja na mkewe Rose. Mwaka 1991 uwanja ukaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Klabu ikishafika umri wa Wake-Robin, swali la kila siku ni namna ya kuwaweka wachezaji wazee uwanjani. Viwanja vya umma vina jibu zuri, nalo ni bonanza la timu. Wanaopanga timu huangalia handikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji: mwenye nguvu mmoja, wa wastani wawili, na anayepiga mfupi mmoja. Wote wanne hupiga, kisha wanachagua mpira uliotua pazuri, na wote wanapiga tena kutoka hapo, mpaka shimoni. Timu inaandika idadi moja ya mikwaju. Bibi ambaye mpigo wake wa kwanza haufiki mbali anaweza kuzidi wenzake wote karibu na shimo, ambako nguvu haina kazi na jicho lililozoea mteremko ndilo linaloamua. Katika mchezo wa mtu mmoja mmoja angemaliza mwisho na pengine asirudi tena. Katika timu, mkwaju wake wa mita mbili ndio unaoingia kwenye hesabu.

Timu huanza kwa wakati mmoja, kila moja kwenye shimo lake, ili zote zimalize pamoja. Hivyo hakuna mzee anayesubiri saa mbili peke yake chini ya mti wenzake wamalize, wala anayeondoka kabla ya chakula. Karatasi zinakusanywa, hesabu zinajumlishwa mezani, na mikwaju inayobishaniwa inabishaniwa hapo hapo, sahani zikiwa mbele ya watu.