Debian: kiongozi asiyeweza kumwamuru mtu

Leo tuache msimbo kidogo tuzungumze historia. Wengi wenu mnatumia Ubuntu, na wengine mlianza na zile CD za bure zilizokuwa zikitumwa kwa posta hadi mwaka 2011. Mama yake Ubuntu hajulikani sana. Toleo la kwanza la Ubuntu, la Oktoba 2004, lilijengwa juu ya Debian, na ni hiyo Debian inayonishughulisha. Ubora wa programu zake si hoja yangu. Ninachotaka kuangalia ni jinsi watu wake wanavyoongozana, kwa sababu nimefanya kazi katika ofisi ambamo hata kubadilisha nywila ya seva kulisubiri mkubwa arudi safari.

Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitangaza mradi huu tarehe 16 Agosti 1993. Jina alilipata kwa kuunga jina la mpenzi wake, Debra, na lake mwenyewe. Wazo lake lilikuwa kwamba mfumo mzima ujengwe hadharani na watu wengi wa kujitolea, kila mmoja akitunza vifurushi vyake. Mwaka 1996 akampokeza usukani Bruce Perens, aliyekuwa akifanya kazi Pixar, kampuni ya katuni. Ndiyo maana mpaka leo matoleo ya Debian huitwa kwa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Toleo lisilo imara, ambalo kila siku huvunjwa na kuundwa upya, huitwa Sid: yule mtoto wa jirani anayeharibu vitu vya kuchezea! Utani tu, lakini kampuni ngapi hulipa mamilioni kutafuta kitu kama hicho cha kuwaunganisha wafanyakazi, zikaishia kuchapisha fulana?

Mwaka 1997 walipitisha mkataba wao na jamii. Waliahidi kwamba Debian itabaki huru na kwamba hawataficha matatizo, yaani kila hitilafu inayoripotiwa inaonekana na umma. Miongozo iliyoambatana na mkataba huo ndiyo iliyogeuzwa mwaka 1998 kuwa maana rasmi ya programu za chanzo huria duniani.

Kisha ikaja katiba, Desemba 1998, Ian Jackson akiwa kiongozi. Kama umewahi kuwa mwanachama wa chama chochote cha akina mama au cha vijana mtaani, isome. Utashangaa. Inasema wazi kwamba hakuna anayelazimika kufanya kazi yoyote. Asiyetaka kutekeleza uamuzi anaweza kukaa kando, mradi tu asiuhujumu. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka na wasanidi wote. Wapiga kura huwapanga wagombea kwa mpangilio wa kuwapenda, na kwenye karatasi hiyo hiyo kuna nafasi ya kusema hamtaki yeyote kati yao. Na akishachaguliwa? Anateua wajumbe, anazungumza kwa niaba ya mradi, anaidhinisha matumizi ya fedha. Katiba inamtaka pia asikazie mno maoni yake binafsi. Hebu mwoneshe bosi wako kifungu hicho.

Sasa, shirika lisilo na mshahara wala ofisi litajuaje nani ni mwenzao? Hapa ndipo kitambulisho kinapoingia. Anayetaka kuwa msanidi hutakiwa ufunguo wake wa kidijitali uwe umetiwa sahihi na wasanidi waliomo, na kwa desturi sahihi hiyo hutolewa baada ya kukutana ana kwa ana na kukagua kitambulisho. Sisi tumezoea kukiacha kwa bawabu kwenye jengo la Nairobi bila yeye kutazama hata picha. Wao walidhani ni wakali zaidi, mpaka mkutano wa mwaka 2006 nchini Mexico, ambapo msanidi mmoja alionesha kitambulisho ambacho hakikutolewa na serikali yoyote. Wengi walikikubali. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, maana aligusa pale pa kuuma: walichokuwa wakikiamini kilikuwa karatasi, au mtu?

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 2014. Swali lilionekana dogo: programu gani iwashe mfumo? Februari kamati ya ufundi ya watu 8 iligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya mwenyekiti ikaipa systemd ushindi. Ugomvi haukuisha. Novemba wasanidi wote walipiga kura kuhusu hoja iliyoletwa na Ian Jackson, yule yule wa katiba, akitaka programu zisitegemee mfumo mmoja wa kuwashia. Jibu lililoshinda lilisema hakuna haja ya azimio lolote. Jackson alijiuzulu kutoka kwenye kamati, na kundi jingine likajitenga na kuanzisha Devuan. Kwa maoni yangu hasara hiyo ilikuwa ya kweli. Watu wa miaka mingi walichoka. Lakini aliyeshindwa alishindwa kwa kanuni zilizopitishwa chini ya uongozi wake mwenyewe, na hakuna aliyemfukuza.

Mwaka 2019 kulitokea kichekesho. Muda wa kujitokeza kugombea uongozi uliisha bila mgombea hata mmoja. Fikiria uchaguzi wa Kenya wa namna hiyo! Katiba ilikuwa imeliona hilo mapema: muda huongezwa wiki moja, na kiti kikiwa wazi, mwenyekiti wa kamati ya ufundi na katibu hushikilia kwa pamoja. Wiki ya nyongeza ilileta wagombea, na Sam Hartman akashinda.